Wajukuu Wanapokuja Likizo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 31:26–55, Mwanzo 41:45–52, Mwanzo 48, Ruthu 4:13–17, Matendo 16:1–3, 2 Timotheo 1:5, Yoshua 4:1–7.

Fungu la kukariri: Mithali 17:6. Lifungue katika Biblia yako na ulikariri lote, nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Same, Musoma na Tarime hujaa watoto. Wengine husafiri na mama zao, wengine hukabidhiwa kwa shangazi au mjomba anayekwenda njia hiyo. Mjini, baba na mama wanaendelea na kazi. Kijijini, bibi amekwisha kufua mablanketi na kuweka kando maharage ya makande, na babu ameulizia mara tatu kama basi limefika. Kwa majuma matatu au manne nyumba iliyokuwa kimya ina kelele tena.

Wengi waliokulia katika kanisa hili walijifunza kuomba wakiwa wamepiga magoti kando ya bibi. Ndiyo maana babu na bibi wengi huitazama likizo kama shamba: mvua imenyesha, mbegu ipo, siku ni chache. Hilo ni jambo jema. Lakini mtoto haji peke yake. Anakuja na nyumba yake kichwani. Amezoea kuona baba akifanya hivi na mama akisema vile, na pengine nyumba hiyo haiishiki tena Sabato, au haijawahi kuishika.

Fungu letu la kukariri lina nusu mbili. Ya kwanza inawahusu wazee na wajukuu wao, nayo tunaipenda sana. Huimbwa, huandikwa kwenye kadi. Ya pili inasema fahari ya watoto ni nini, na jibu lake si babu wala bibi. Ni wazazi wao. Juma hili tutajifunza jinsi ya kulivaa taji la nusu ya kwanza bila kumvua mtoto fahari ya nusu ya pili.

JUMAPILI

Babu Aliyedai Wajukuu

Soma Mwanzo 31:26–32 na 31:43–55. Labani alikuwa na malalamiko gani dhidi ya Yakobo? Ni lipi kati ya malalamiko hayo lilikuwa la haki?

Hatumfikirii Labani kama babu. Tunamkumbuka kwa ujira alioubadilisha mara kwa mara na kwa binti aliyemleta gizani. Lakini katika sura hii amefuatilia msafara kwa siku saba, na jambo mojawapo lililomuuma ni kwamba hakupewa nafasi ya kuwabusu wajukuu wake na kuwaaga. Hapo tusimhukumu haraka. Yakobo alikuwa ameondoka kwa siri. Watoto waliozaliwa na kukulia karibu na babu yao walitoweka kambini, na mzee akapata habari siku ya tatu. Wako wazazi leo wanaofanya vivyo hivyo: wana ugomvi na wazee wao juu ya shamba au mahari, na adhabu wanayoichagua ni kuwazuia watoto wasiende kijijini.

Hata hivyo tazama fungu la 43. Labani anawatazama binti zake, watoto wao na mifugo, na kwa pumzi moja anasema vyote ni vyake. Hasemi kwamba anawapenda. Anasema anawamiliki. Yakobo, baba yao, amesimama palepale, na katika maneno ya mkwe wake hana nafasi yoyote.

Tusisahau pia nyumba ya Labani ilikuwa na nini ndani. Miungu ya nyumbani ilipotea (fungu la 19 na 30), naye aliitafuta kwa bidii katika kila hema. Si kila babu anayewataka wajukuu anawataka kwa ajili ya Mungu wa kweli.

Mwisho wa sura ni mzuri kuliko mwanzo wake. Wanakula pamoja mlimani, asubuhi Labani anawabusu wajukuu na binti zake, anawabariki, kisha anarudi mahali pake. Anawaachia waende na baba yao.

Je, katika ukoo wenu kuna mtoto anayezuiwa kuwaona babu na bibi kwa sababu ya ugomvi wa watu wazima? Ni nani anayeweza kuchukua hatua ya kwanza?

JUMATATU

Babu Aliyebariki

Soma Mwanzo 41:45–52 na Mwanzo 48 yote. Efraimu na Manase walilelewa katika nyumba ya namna gani?

Hesabu kidogo itatusaidia. Yusufu alikuwa na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao, na wanawe wawili walizaliwa kabla ya miaka ya njaa. Yakobo aliingia Misri njaa ikiwa imekwisha kudumu miaka 2. Kwa hiyo alipofika, wajukuu hawa walikuwa watoto wadogo, wasiozidi miaka 9. Kisha Yakobo akaishi Misri miaka 17 (Mwanzo 47:28). Katika sura ya 48, wanapoletwa kitandani pake, ni vijana wenye miaka 19 au zaidi. Picha tulizoziona katika vitabu vya watoto, za wavulana wadogo wawili mbele ya mzee, hazikufanya hesabu hiyo.

Walikuwa watoto wa mjini, kama tungesema leo. Baba yao alikuwa mkuu katika serikali ya Misri. Mama yao, Asenathi, alikuwa binti wa kuhani wa mji wa Oni. Maana yake walikuwa na babu wawili: mmoja mchungaji wa kondoo aliyemwabudu Mungu wa Ibrahimu, na mwingine kuhani wa dini ya Kimisri. Bibi wengi wa leo wangeanza hapo. Wangesema, mtoto wangu, huko kwa mama yenu mnafundishwa nini? Katika sura nzima Yakobo hamtaji Potifera hata mara moja, wala halaumu ndoa ya mwanawe.

Anafanya nini basi? Anaketi kitandani kwa nguvu alizobakiza na kusimulia. Anaeleza jinsi Mungu alivyomtokea Luzu. Anaeleza pia kifo cha Raheli njiani, karibu na Efrathi, na mahali alipomzika. Raheli alikuwa bibi wa vijana hawa, nao hawakupata kumwona. Kwa hiyo wanapokea ahadi ya Mungu na kaburi la bibi yao katika simulizi moja. Mzee hakuchagua mambo matamu tu.

Kisha anauliza hawa ni nani, maana macho yake yamefifia. Yusufu anajibu kwamba ni wanawe, aliopewa na Mungu. Ndipo Yakobo anamwomba Yusufu awalete karibu. Tazama utaratibu huo: baba ndiye anayewataja, na baba ndiye anayewaleta. Anawakumbatia na kuwabusu kabla ya kuwawekea mikono.

Sasa tunafika mahali pagumu. Katika fungu la 5 Yakobo naye anasema wajukuu hawa ni wake. Je, si maneno yaleyale ya Labani? Kwa sikio yanafanana, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Labani alisema ni wangu ili asipoteze kitu. Yakobo alisema ni wangu ili awape kitu: aliwapa urithi sawa na Reubeni na Simeoni, na kwa njia hiyo nyumba ya Yusufu ikapata mafungu mawili badala ya moja. Tena alimwambia baba yao usoni, si kwa siri.

Soma fungu la 15 polepole. Mikono ya mzee iko juu ya vichwa vya vijana, lakini Maandiko yanasema kwamba alimbariki nani? Yanasema alimbariki Yusufu. Baraka ya wajukuu imeandikwa kwa jina la baba yao. Kama tungepaswa kuchagua fungu moja tu la juma hili lote, mimi ningechagua hilo. Kumbariki mtoto ni kumbariki aliyemzaa, na mtu hawezi kumwinua mjukuu kwa mkono mmoja huku kwa mkono mwingine anamkandamiza mama yake.

Walitofautiana pia. Yusufu hakupenda jinsi mikono ilivyopishana, akajaribu kuisahihisha. Yakobo alimjibu kwa upole, akimwita mwanangu. Tofauti kati ya babu na baba ilijitokeza mbele ya vijana, nao hawakusikia tusi.

JUMANNE

Nyumba Yenye Imani Mbili

Soma Matendo 16:1–3 na 2 Timotheo 1:5, 3:14, 15. Tunajua nini juu ya baba yake Timotheo?

Tunajua machache. Alikuwa Myunani, na Wayahudi wa eneo lile walijua hivyo. Timotheo alikuwa hajatahiriwa mpaka Paulo alipofika, ingawa mama yake alikuwa Myahudi. Kwa hiyo katika jambo hilo mila ya mama haikufuatwa nyumbani. Lakini mtoto aliyajua Maandiko tangu utotoni. Loisi na Eunike walipata mlango, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba waliupata kwa kumdharau Myunani yule.

Tena tazama njia ambayo imani ilipita. Paulo anasema ilikaa kwanza kwa bibi, kisha kwa mama, kisha kwa mwana. Haikuruka juu ya kichwa cha Eunike.

Tulete jambo hili karibu. Mjukuu wa miaka 6 amefika kutoka mjini. Jioni ya kwanza, bibi anauliza: Huko kwenu mnaomba kabla ya kula? Baba anakwenda kanisani siku gani? Mama bado anafungua duka Sabato? Mtoto anajibu kwa unyofu, na bibi anatikisa kichwa na kuguna. Mguno ule mtoto ameusikia. Amejifunza kwamba katika nyumba hii baba yake ni mtu mbaya, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyemshitaki. Kuanzia kesho ataanza kuchagua maneno. Akirudi mjini atachagua tena, asije akasema bibi alisema nini. Mtoto wa miaka 6 amegeuzwa kuwa mpelelezi wa pande mbili, na jina la Mungu limetajwa katika kazi hiyo.

Amri ya tano haisemi mtoto awaheshimu wazazi walio washiriki wa kanisa tu. Bibi anayemfundisha mtoto amri kumi jioni ya Sabato na kumsema mama yake siku ya Jumatatu amefundisha amri tisa.

Je, tunyamaze basi? La. Kama binti yako ameiacha imani, zungumza naye yeye, kwa simu au uso kwa uso, wakati mtoto amelala. Umlilie Mungu kwa ajili yake. Kwa mtoto sema kweli kwa njia nyepesi: Sisi hapa kwa babu tunaishika Sabato kwa sababu tunampenda Yesu, na leo utaishika pamoja nasi. Akiuliza kwa nini baba haishiki, mjibu kwamba baba anakupenda, na swali hilo utamwuliza yeye ukirudi. Jibu hilo si woga. Linamrudisha mtoto kwa baba yake akiwa na swali jema, na mara nyingi swali la mtoto hufika mahali ambapo mahubiri hayafiki.

Jambo jingine hutokea makanisani kwetu, nalo wachungaji wanalijua. Bibi anamleta mjukuu mbele ili abarikiwe, na wazazi hawana habari. Pengine baba ni Mlutheri au Mwislamu. Watoto walioletwa kwa Yesu katika Marko 10:13 waliletwa mchana kweupe. Kwa maoni yangu mzee wa kanisa anafanya vema akiuliza kwanza, baba na mama wamekubali? Kama hawajakubali, tumwombee mtoto kama tunavyomwombea kila mtoto, na sherehe ingoje. Mungu hazuiliwi na subira yetu, lakini ndoa ya binti yako inaweza kuvunjwa na haraka yako.

Kama ungekuwa wewe ni baba wa mtoto huyo, usiye Mwadventista, ni jambo gani katika nyumba ya wakwe zako lingekufanya utamani kumleta mtoto tena mwaka ujao?

JUMATANO

Sabato kwa Bibi

Soma Yoshua 4:1–7. Ni nani anayeanza mazungumzo juu ya mawe, mzazi au mtoto?

Mtoto ndiye anayeuliza. Kazi ya mkubwa ilikuwa kuweka mawe mahali yatakapoonekana. Nyumba ya bibi imejaa mawe ya namna hiyo: Nyimbo za Kristo kilichochakaa jalada, kitabu cha Kesha la Asubuhi juu ya meza, kiti cha babu ambapo huketi akisoma kabla jua halijachomoza. Usiyaeleze yote siku ya kwanza. Ngoja aulize.

Siku ya Ijumaa mpe kazi. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuchambua maharage, kupanga viatu, kuchuma mchaichai. (Mtoto aliyezoea chai ya majani asubuhi ataona ajabu kwamba kwako haipo. Mpe mchaichai au uji bila hotuba; hajaja kuhukumiwa kwa kikombe.) Jua likikaribia kuzama, mwache yeye atangaze kwamba Sabato imeingia. Huko mjini jua huzama nyuma ya maghorofa bila kuaga mtu. Hapa kwenu ataliona likishuka.

Baada ya ibada, msimlaze njaa ya mambo ya kufanya. Watoto wengi wanaichukia Sabato kwa sababu moja tu: kuanzia chakula cha mchana waliambiwa wakae kimya mpaka jioni. Tembea naye. Mwonyeshe ndege na umtajie majina yao kwa lugha ya nyumbani. Kama mko Upareni, hata safari ya kwenda Mamba Giti inaweza kuwa somo: hapo mwaka 1903 wamisionari wawili waliotumwa kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianzisha kazi ya kwanza ya Waadventista katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wajukuu walio ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa, wana Gendia, ambako kazi ilianza mwaka 1906, na mmoja wa waanzilishi alikuwa Mwafrika, Peter Nyambo, kutoka nchi ambayo leo ni Malawi. Ukimwambia mtoto kwamba baba wa babu yake alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo kubatizwa, na kwamba nduguze walimcheka, amepata kitu ambacho katuni za simu hazitampa.

Simu yenyewe? Kubaliana na wazazi kabla ya mtoto kupanda basi. Ukimnyang'anya ghafula umeanza likizo kwa vita.

ALHAMISI

Mlezi

Soma Ruthu 4:13–17. Naomi alifanya nini kwa mtoto wa Ruthu?

Alimchukua, akamweka kifuani, akawa mlezi wake. Haitajwi kwamba alimfundisha jambo lolote. Kwanza alimshika.

Mwili wa mtoto ni amana, na kwa siku hizi za likizo amana hiyo iko mikononi mwako. Mtoto wa mjini haijui hatari ya kijijini: ndiva iliyojaa maji, mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda, sufuria ya makande inayochemka juu ya mafiga matatu. Akitoka mahali pa baridi kuja kando ya ziwa, alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza. Waulize wazazi dawa gani humdhuru, na uwe na namba za wote wawili.

Tuseme na jambo ambalo hatupendi kulisema. Likizo, nyumba hujaa: wajomba, binamu wakubwa, wageni wa kambi. Mtoto hulazwa popote penye nafasi. Wengi walioumizwa utotoni waliumizwa na mtu wa nyumbani au rafiki wa nyumba, si na mgeni wa barabarani. Kwa hiyo usimlaze mtoto mdogo na mtu mzima au kijana mkubwa eti kwa sababu ni ndugu, hata kama kijana huyo anaimba kwaya. Usimlazimishe kumkumbatia mtu anayemwogopa. Akikwambia jambo, mwamini kwanza, usimgombeze, na usilifunike kwa ajili ya jina la ukoo au la kanisa. Waambie wazazi siku hiyohiyo. Hapa Tanzania namba 116 hupigwa bila malipo kwa ajili ya kusaidia watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto hata akiwa kwa babu yake.

Kwa wazazi, neno moja tu: bibi ana miaka 70 na mgongo unaomuuma. Msimpelekee watoto wanne na kilo mbili za sukari. Pelekeni chakula cha kutosha, na kama hawezi wote, aseme asiwezao bila kuonekana kwamba hapendi.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Katika kitabu cha Wazee na Manabii, soma sura zinazomhusu Yakobo akiondoka kwa Labani, na zile zinazomhusu Yusufu huko Misri. Usiku wa kufungua Sabato, someni Mwanzo 48 kwa sauti mbele ya watoto, mmoja akisoma maneno ya Yakobo na mwingine ya Yusufu.

Maswali ya kujadili:

Mjukuu wa miaka 8 anamwambia babu: Baba amesema nisiende kanisani huku, lakini mimi nataka kwenda. Babu afanye nini Sabato hiyo asubuhi? Darasa lenu lisikimbilie jibu. Sikilizeni kwanza wale walio na wakwe wa imani nyingine.

Linganisheni Mwanzo 31:43 na Mwanzo 48:5. Ni maneno gani tunayoyatumia katika lugha zetu kusema kwamba mjukuu ni wetu? Yanatoa, au yanachukua?

Kanisa lenu mahalia hupokea watoto wangapi wageni mwezi wa Juni na Desemba? Je, darasa la watoto lina mwalimu, mkeka na somo kwa ajili yao, au huketishwa nyuma pamoja na wakubwa? Mkubaliane leo ni nani atakayeshughulikia jambo hilo kabla shule hazijafungwa.

Yuko mwana au binti yako ambaye hujazungumza naye tangu alipoiacha imani, ila kwa kupitia watoto wake? Utampigia simu lini?